Mjumbe na Waliomtuma: Saikolojia ya Utamaduni katika Majadiliano ya Taasisi

Ofisi nyingi zinazojiandaa kukutana na washirika kutoka nchi nyingine huwapa watumishi wao semina fupi kuhusu utamaduni wa wageni hao. Huambiwa kwamba Mjapani hatamki "hapana" waziwazi, kwamba Mjerumani hupenda ajenda ifuatwe kama ilivyoandikwa, kwamba Mmarekani ana haraka ya kufika kwenye bei, na kwamba Mwafrika hutanguliza salamu na kujuana kabla ya shughuli. Mambo hayo hayakuzuliwa tu, na mtu aliyekaa muda mrefu kwenye vikao vya aina hiyo atakuwa ameona mengi yake yakijitokeza. Hata hivyo, semina hizo haziwezi kueleza jambo ambalo kila mjadiliaji mzoefu analijua: mtu yuleyule, mwenye utamaduni uleule, huweza kuwa mpole na mwelewa asubuhi mnapozungumza wawili, kisha akawa mgumu asiyeshikika mchana, mara bosi wake anapoingia chumbani. Kama utamaduni ungekuwa sifa ya kudumu ndani ya mtu, badiliko hilo lisingetokea kwa saa chache.

Jibu ambalo wanasaikolojia wamelijenga tangu miaka ya 1990 ni kwamba mtu hubeba kanuni, tafsiri na mazoea mengi kwa wakati mmoja, mengine yakipingana, na hali aliyomo ndiyo huamua lipi litumike. Miongoni mwa mambo yanayoamsha kanuni hizo, ni machache yenye nguvu kama kujua kwamba utarudi kwa watu fulani na kuwaeleza ulichokubali. Ndiyo maana naamini kwamba mtu anayejiandaa kwa majadiliano asianze na swali la "Watu wa nchi ile wakoje?" Aanze na kuuliza huyu atakayekaa naye atajibu kwa nani, na watu hao wanahesabu nini kuwa ni kusalitiwa.

Ramani iliyotawala fani hii kwa miongo kadhaa ni ya Geert Hofstede, Mholanzi aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM. Kati ya mwaka 1967 na 1973 kampuni hiyo ilikusanya madodoso zaidi ya 116,000 kutoka kwa wafanyakazi wa matawi yake duniani, na Hofstede akayatumia majibu hayo kupima tofauti za mataifa: watu wanakubali kwa kiasi gani kwamba mwenye madaraka awe juu na asihojiwe (jambo aliloliita umbali wa madaraka), mtu hujiona yeye binafsi au sehemu ya kundi, mambo yasiyotabirika yanawatia watu hofu kiasi gani, na jamii hutukuza ushindani kiasi gani kuliko kutunzana. Kazi hiyo, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa na thamani kubwa kwa sababu ilivunja imani kwamba mbinu za uongozi zilizobuniwa Marekani zinafaa kila mahali.

Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuisoma kwa tahadhari. Katika takwimu hizo hakuna alama ya Tanzania peke yake wala ya Kenya peke yake. Kwa kuwa wahojiwa walikuwa wachache, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliunganishwa kuwa eneo moja lililoitwa Afrika Mashariki, likapewa alama 64 kwa kukubali umbali wa madaraka na 27 kwa mtu kujiona binafsi. Mtu anayezitumia alama hizo leo kumweleza Mtanzania au Mkenya anarudia wastani wa nchi nne zilizochanganywa, zilizopimwa kupitia waajiriwa wa kampuni moja ya kompyuta ya Marekani, katika miaka ambayo Tanzania ilikuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha, Kenya ikikaribisha mitaji binafsi, na Ethiopia ikiwa bado chini ya Mfalme Haile Selassie. Sioni jinsi wastani huo unavyoweza kumsaidia mtu anayekwenda kuzungumza na bodi ya ushirika wa kahawa Moshi.

Udhaifu mwingine unawahusu moja kwa moja wanaoshughulika na taasisi. Hofstede mwenyewe na wenzake, katika utafiti wa vitengo 20 vya kazi nchini Denmark na Uholanzi uliochapishwa mwaka 1990, waliona kwamba taasisi hizo zilitofautiana zaidi kwa mazoea ya kila siku kuliko kwa maadili ya msingi ya watu wake. Jambo hilo tunaliona hapa bila utafiti. Ofisi ya umma na kampuni ya simu zilizo mtaa mmoja jijini Dar es Salaam huweza kuwa na watumishi waliosoma shule zilezile na kusali katika nyumba zilezile za ibada, lakini moja ikataka barua yenye muhuri na saini tatu ili kupitisha jambo ambalo nyingine inalimaliza kwa ujumbe wa simu. Mazoea ya namna hiyo hujifunzwa kazini, na yanaweza kubadilishwa kazini.

Mwaka 2000 Ying-yi Hong, Michael Morris na wenzao walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa Hong Kong, vijana waliokulia kati ya mila za Kichina na mafunzo ya Kimagharibi. Baadhi yao walionyeshwa picha za kuwakumbusha China, kama joka na Ukuta Mkuu. Wengine walionyeshwa alama za Marekani. Kisha wote walionyeshwa picha ya samaki mmoja akiogelea mbele ya wenzake, wakatakiwa waeleze kwa nini yuko mbele. Walioona alama za Kichina walielekea zaidi kutoa sababu zilizo nje ya samaki huyo, kwa mfano kwamba kundi linamfukuza. Walioona alama za Kimarekani walielekea zaidi kusema kwamba sababu imo ndani yake mwenyewe: ni kiongozi, anajiamulia. Hakuna aliyebadilishwa utamaduni katika dakika hizo chache. Kilichobadilika ni kanuni ipi ilikuwa karibu na mkono.

Wanaoishi kati ya lugha na tamaduni kadhaa, nao ndio wengi katika ofisi za Nairobi, Kampala, Bujumbura, Goma na Dar es Salaam, hawatashangazwa na matokeo hayo. Meneja anayefungua kikao kwa Kiingereza, akisoma slaidi zilizotumwa na makao makuu, hutumia kanuni nyingine za usemi na madaraka kuliko zile alizotumia muda mfupi kabla, alipokuwa akiwajulia hali wazee wa kamati kwa Kiswahili kwenye korido. Kuchagua lugha ya kikao, mahali pa kukaa, na nani atangulie kusema ni sehemu ya majadiliano yenyewe, ingawa mara nyingi mambo hayo huachiwa katibu muhtasi.

Tofauti ya namna ya kumsoma yule samaki ina uzito mezani, kwa sababu mjadiliaji hujiuliza kila wakati kwa nini mwenzake amefanya alivyofanya. Morris, Richard Larrick na Steven Su walionyesha mwaka 1999 kwamba wajadiliaji ni wepesi wa kuchukua mwenendo uliotokana na hali na kuuhesabu kuwa ni hulka. Mwenye ofa nyingine nzuri mkononi hashuki kwa urahisi. Mwenzake asiyejua habari za ofa hiyo humwona mkaidi. Ukishamwona mtu kuwa mkaidi unabadilisha mbinu: unaficha taarifa, unatafuta wa kumshinikiza, au unaomba aondolewe kwenye timu. Panapokuwa na tofauti ya taifa, dini au kabila, kosa hili hupata maelezo ya haraka: "Ndivyo walivyo hao." Kauli hiyo ikishatamkwa wakati wa chai, hakuna anayeuliza tena iwapo yule bwana amefungwa na agizo la bodi yake.

Hata hivyo, itakuwa kosa pia kuuyeyusha utamaduni wote katika hali. Unaonekana wazi katika namna watu wanavyopeana taarifa. Ili pande mbili zifikie mapatano yanayomnufaisha kila mmoja kuliko kugawana tu kilichopo, ni lazima kila upande ujue kipi kina uzito kwa mwenzake na kipi anaweza kukiachia. Wendi Adair, Laurie Weingart na Jeanne Brett walipolinganisha wajadiliaji wa Marekani na wa Japani, waliona kwamba kwa Wamarekani ofa zilizotolewa mapema ziliendana na kupungua kwa faida ya pamoja, kwa sababu wao hupata taarifa kwa kuulizana na kujibizana, na ofa huikatiza kazi hiyo. Kwa Wajapani ofa za mapema zilisaidia, maana walizitumia kusomana: ofa ikibadilika hapa na kung'ang'ania pale, msikilizaji makini anatambua thamani iko wapi.

Mnunuzi wa khanga za jumla Kariakoo hahitaji kufundishwa jambo hili. Hamuulizi muuzaji vipaumbele vyake. Anataja bei, anasikiliza anavyojibiwa, anataja tena kwa doti nyingi zaidi, anauliza kama atapunguziwa akilipa taslimu, na kutokana na mahali mwenzake anapolegea anajua kama anataka kumaliza mzigo au anahitaji fedha leo. Aliyezoea maswali ya wazi akiketi na aliyezoea kusoma ofa, kila mmoja humshuku mwenzake. Wa kwanza anaona bei zinazotajwa kuwa ni ulafi, wa pili anaona maswali kuwa ni upekuzi, na wote wawili wanatafuta taarifa zilezile.

Mwaka 1999 pia, Michele Gelfand na Anu Realo walichapisha matokeo ninayoyaona kuwa muhimu kuliko alama zote za mataifa. Walilinganisha wajadiliaji waliojua kwamba watatoa hesabu kwa kundi lao baada ya mazungumzo na wale wasiokuwa na wa kumjibu. Mtu angetarajia kwamba anayejiona sehemu ya kundi atashirikiana siku zote, na anayejiona binafsi atashindana siku zote. Mgawanyiko huo ulijitokeza pale palipokuwa na wa kujibiwa: wenye mwelekeo wa kundi walishirikiana zaidi na wenye mwelekeo wa kibinafsi walishindana zaidi, kila mmoja akitekeleza alichoamini kuwa watu wake wanakitarajia. Mzigo wa kujibu ulipoondolewa, picha iligeuka. Kwa hiyo macho ya waliokutuma hayaleti ugumu kila mahali. Hukuza kanuni ile ambayo wao wanaitukuza. Mjumbe wa watu wanaosifu upatanishi atarudi na mapatano, na mjumbe wa watu wanaosifu kutotetereka atarudi na jeraha analoweza kujivunia.

Ushahidi mwingine ulitoka karibu nasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la wanaanthropolojia na wachumi, Joseph Henrich akiwa mmoja wa viongozi wake, liliendesha mchezo wa kugawana fedha katika jamii ndogo 15 duniani. Mtu wa kwanza hukabidhiwa fedha na kupendekeza mgawo. Wa pili akikubali wanagawana, akikataa wote wanakosa. Wamachiguenga wa Peru walipendekeza kumpa mwenzao wastani wa asilimia 26, ilhali watu wa Lamalera nchini Indonesia, ambao huwinda nyangumi kwa mashua wakitegemeana, walitoa zaidi ya nusu. Miongoni mwa Wahadzabe wa Tanzania, waliochezea mchezo huo katika kambi kubwa walitoa zaidi ya waliouchezea katika kambi ndogo, ingawa ni watu wa lugha moja na mila moja.

Waorma wa Kenya, walipoelezwa na mtafiti Jean Ensminger mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua mara moja wakauita mchezo wa harambee. Tukio hilo dogo linanifundisha zaidi ya wastani wowote. Mtafiti alileta kitu kigeni chenye kanuni mpya. Wachezaji wakakitafutia mahali katika maisha wanayoyajua, na kilipopata mahali hapo kilipata pia kanuni zake zote: nani anatakiwa kuchanga, nani anatazama, na kuja mikono mitupu kuna aibu gani. Kikao cha taasisi hupitia hatua hiyohiyo bila kutangazwa. Watu wakiingia chumbani huamua kimoyomoyo hiki walichokijia ni kitu gani: mnada, kesi, baraza la wazee au posa. Pande mbili zikijibu swali hilo kwa namna mbili, zitagombana kuhusu adabu kabla hazijafika kwenye fedha.

Richard Walton na Robert McKersie, waliochambua majadiliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri nchini Marekani katika kazi yao ya mwaka 1965, walieleza kwamba mjumbe huendesha majadiliano mawili kwa pamoja: moja na upande wa pili, jingine na watu wake mwenyewe. Hayo ya pili hayana meza wala muhtasari wa kikao, na mara nyingi ndiyo yanayoamua.

Tazama kikao cha kawaida cha mkataba wa hali bora kiwandani. Upande mmoja wamekaa mkurugenzi, mhasibu na ofisa rasilimali watu. Upande wa pili wapo wajumbe wa tawi la chama, baadhi wakiwa bado na sare zenye mafuta kwa kuwa wametoka zamu. Mkurugenzi anaeleza kwamba mwaka huu kampuni inaweza kupandisha mishahara kwa kiasi fulani tu, anafunga faili, anauliza kama kuna swali. Kimya. Katibu wa tawi anaandika neno kwenye daftari lake, anashukuru kwa maelezo, kisha anasema, "Tumekusikia, mzee. Tutakwenda kuzungumza na wenzetu." Mkurugenzi anaripoti makao makuu kwamba wafanyakazi wameelewa. Wiki inayofuata unaanza mgomo baridi, naye anajiona amegeukwa.

Mtaalamu wa utamaduni angemwambia kwamba watu wa huku hawapendi kumpinga mkubwa hadharani. Ni kweli kwa kiasi chake, na heshima ilikuwepo katika sauti ya katibu. Lakini kilichomzuia kusema ni kwamba hakuwa na idhini. Angekubali, angerudi tawini akiwa mtu aliyenunuliwa. Angekataa, angekuwa amefunga mlango ambao pengine wenzake walitaka ubaki wazi. Kunyamaza kwa adabu kulimwezesha kutimiza wajibu kwa pande zote mbili, na utamaduni ulimpa njia hiyo ikiwa tayari, na maneno yake na heshima yake. Mkurugenzi angemchukua faraghani na kumuuliza, "Ukirudi kwa wenzako watakuuliza nini?", angejifunza mengi kuliko alivyojifunza katika semina.

Katika eneo letu, mfano mkubwa wa hadhira kuamua mwenendo wa majadiliano ni sakata la makinikia nchini Tanzania. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga huo wa madini kwenda nje. Kamati mbili, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ziliwasilisha ripoti zao kwa Rais John Magufuli mwezi Mei na Juni, wananchi wakifuatilia moja kwa moja kwenye televisheni. Mwezi Julai kampuni ya Acacia, yenye migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ilitangaza kwamba imepokea madai ya kodi, riba na adhabu yanayofikia takriban dola bilioni 190 za Marekani. Kampuni ilijibu kwa namna taasisi za aina yake zilivyozoea: hesabu zilizokaguliwa, mikataba iliyosainiwa, taarifa kwa soko la hisa la London, na notisi za usuluhishi wa kimataifa.

Kwa ninavyousoma mgogoro huo, kila upande ulikuwa ukizungumza na watu wake zaidi ya kuzungumza na mwenzake. Bodi ya kampuni iliyoorodheshwa London haiwezi kukiri deni ambalo wakaguzi wake hawakuliona bila kujiweka hatarini mbele ya wanahisa. Serikali iliyowaambia wananchi hadharani kwamba wameibiwa kwa miaka mingi haiwezi kukaa na mtuhumiwa na kuibuka na nusu ya nusu. Salamu ndefu na zawadi zisingewasogeza. Njia ilifunguka walipobadilishwa waliokaa mezani. Juni 2017 mwenyekiti wa Barrick Gold ya Canada, John Thornton, ambaye kampuni yake ndiyo ilikuwa mwanahisa mkuu wa Acacia, alifika Ikulu Dar es Salaam, na mazungumzo yakafanyika kati ya serikali na Barrick, timu ya Tanzania ikiongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi. Acacia yenyewe haikuwepo mezani. Oktoba 19, 2017 pande hizo zilitangaza walipofikia: malipo ya dola milioni 300, hisa za asilimia 16 kwa serikali katika migodi, na kugawana nusu kwa nusu manufaa ya kiuchumi. Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zilizosalia za Acacia, na Januari 2020 mikataba ikasainiwa, kampuni ya Twiga Minerals ikiwa chombo cha ubia huo.

Wapo wanaoona umbali kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuwa ushindi wa kampuni, na wapo wanaohesabu hisa ambazo serikali haikuwa nazo kabla. Kwa mada yetu, la kuangalia ni jinsi mapatano yalivyompa kila mjumbe kitu cha kupeleka nyumbani. Nusu kwa nusu inaeleweka kwa mkulima wa Kahama bila mhasibu, na asilimia 16 ilikuwa kiwango kilichokuwa kimetungiwa sheria mwaka huohuo, kwa hiyo haikuonekana kuwa zawadi wala kuombwa. Barrick nayo iliweza kuwaeleza wanahisa kwamba fedha zile zinahusu kumaliza madai ya kodi yaliyokuwa yakisubiri, wakati mitaani ziliitwa kishika uchumba. Kiasi kilekile kilipokewa na hadhira mbili kwa maana mbili, na mapatano yakahimili tofauti hiyo.

Mazoea ya taasisi nayo yanaweza kujadiliwa upya, na ushahidi bora ninaoujua unatoka Fremont, California. General Motors ilikifunga kiwanda chake cha magari cha huko mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya, utoro kazini ukizidi asilimia 20 na migomo ya ghafla ikiwa jambo la kawaida. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota chini ya jina la NUMMI, Toyota ikisimamia uendeshaji. Wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, pamoja na viongozi wao wa chama cha wafanyakazi cha UAW. Kufikia mwisho wa mwaka 1986 kiwanda hicho kilikuwa na tija kuliko kiwanda kingine chochote cha General Motors, na utoro ulishuka hadi asilimia chache.

Maelezo rahisi yangekuwa kwamba Wajapani waliwafundisha Wamarekani utamaduni wa Kijapani. Lakini wafanyakazi hao walibaki kuwa watu wa California, wanachama wa chama chao, wenye mila na michezo yao. Kilichobadilika kwanza ni masharti kati ya pande mbili. Chama kilikubali viwango takriban 80 vya malipo ya kazi za uzalishaji vifutwe na kuwekwa kimoja, na kila mtu ajifunze kazi za wenzake. Kampuni iliahidi katika mkataba kwamba haitapunguza wafanyakazi mpaka pale hali itakapokuwa mbaya kabisa, tena baada ya kwanza kukata mishahara ya wakubwa.

Halafu kulikuwa na kamba. Ilipita juu ya mstari wa kuunganishia magari, na mfanyakazi aliyeona kasoro au aliyeshindwa kumaliza kazi yake kwa wakati alitakiwa aivute. Taa iliwaka, na kiongozi wa timu akaja kumsaidia. Katika kiwanda cha zamani, kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na magari mabovu yaliachwa yapite yakarekebishwe baadaye. Mfikirie mtu aliyeishi miaka na miaka chini ya kanuni hiyo akiinua mkono kuvuta kamba kwa mara ya kwanza, wenzake wakimtazama. Hotuba haiwezi kumpa imani. Imani ilijengeka kwa kuona, zamu baada ya zamu, kwamba aliyevuta hakukemewa. John Shook, Mmarekani aliyeajiriwa na Toyota na kushiriki katika mafunzo ya kiwanda hicho, amekuwa akieleza tangu wakati huo kwamba matendo yalibadilishwa kwanza, na fikra zikafuata. Mwaka 1988 soko lilishuka, kiwanda kikatumia chini ya asilimia 60 ya uwezo wake, na ahadi ya mkataba ikajaribiwa. Hakuna aliyepunguzwa, watu walipelekwa mafunzoni na kwenye kazi za kuboresha mitambo na utaratibu. Viongozi wa chama waliokuwa wameutetea mkataba mbele ya wanachama wenye shaka sasa walikuwa na kitu cha kuwaonyesha.

General Motors ilipopeleka mfumo wa timu kwenye kiwanda chake cha Van Nuys katika jimbo hilohilo, mambo yalikwenda vingine. Huko uliletwa huku tishio la kufunga kiwanda likining'inia, viongozi wa chama wakagawanyika, na kiwanda kikafungwa mwaka 1992. Wafanyakazi waliokuwa na hofu ya kesho waliuona mpango uleule kuwa mtego, nami sioni kosa lao.

Hapa ndipo mazungumzo kuhusu utamaduni yanapohitaji ukali kidogo. Mara nyingi anayesema "hapa kwetu watu hawahoji" ni yule anayefaidika na kutohojiwa. Kusema kwamba wafanyakazi wa nchi fulani kwa asili yao wanakubali umbali wa madaraka ni kuugeuza woga wa kufukuzwa kazi kuwa mila, na ukishaitwa mila hakuna anayeona wajibu wa kuuondoa. Heshima kwa wakubwa ipo katika jamii zetu na ina thamani yake. Lakini mzee anayeheshimiwa barazani husikiliza mpaka wa mwisho aseme, na anayejifunika kwa heshima hiyo ofisini huku akikata maneno ya wengine ameichukua nusu.

Kazi ya maandalizi, basi, inabadilika. Kabla ya kikao, andika majina ya watu watakaoupokea mkataba upande wa pili: bodi, wanachama, mwenye mtaji, waziri, ukoo wa mwenye kampuni. Pata mahali ambapo wajumbe wanaweza kuzungumza bila kuandikwa, maana wengi huona suluhu mapema kuliko wanavyoweza kuitamka. Zungumzeni mapema kuhusu maneno ya taarifa ya pamoja, mkiruhusu kila upande uieleze kwa namna inayoeleweka kwao, ili mradi takwimu zisipingane. Na mjumbe akiomba siku mbili za kwenda kuzungumza na wenzake, mpe bila kununa, kisha muulize kama angependa hesabu zile ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, ili awe na karatasi ya kusoma tawini.